Mashine ya maabara inapovuta hewa: Kwa nini "haikupatikana" si sawa na "haipo"

Msomaji, hebu fikiria kwamba umeshikwa na wasiwasi kuhusu mboga unazonunua kila jioni unaposhuka matatu. Umesikia kuwa wako wakulima wanaonyunyizia dawa leo na kuvuna kesho. Wewe na majirani mkachanga pesa, mkapeleka mafungu kadhaa ya sukuma wiki katika maabara ili yapimwe. Wiki moja baadaye karatasi inarudi, nayo imeandikwa neno moja tu: "Haikupatikana." Mnashusha pumzi. Jioni hiyo ugali unateremka vizuri.

Lakini je, mnajua neno hilo lina maana gani? Wengi wetu hudhani ni kusema kwamba sumu haimo kabisa. Sivyo. Maana yake ni kwamba mashine iliyotumiwa, kwa hali iliyokuwa nayo siku hiyo, haikuweza kuiona. Kama mashine ilikuwa na afya njema, jibu hilo ni la kutegemewa. Kama ilikuwa mgonjwa, huenda mboga zenu ziko salama, na huenda haziko.

Naam, mashine nazo huugua. Leo tutazungumzia maradhi mawili yanayoisumbua sana mashine moja muhimu katika maabara: kuvuja hewa, na kelele za chinichini. Hata kama hutawahi kuigusa mashine hiyo maishani mwako, majibu yake yanagusa chakula chako, dawa zako na riziki ya mkulima.

MIZANI YA VITU VISIVYOONEKANA

Mashine yenyewe huitwa spektromita ya masi. Usitishwe na jina. Kwa kifupi ni mizani, ila badala ya kupima nyama au sukari, hupima uzito wa molekuli na vipande vyake. Mwingereza Francis Aston aliunda moja ya mashine za kwanza za aina hii mwaka 1919 mjini Cambridge, na mwaka 1922 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Siku hizi mashine kama hizo hutumiwa kutafuta mabaki ya dawa za wadudu katika mboga, sumu ya kuvu katika mahindi, dawa zilizokatazwa katika mkojo wa wanariadha, na hata maradhi ya kurithi katika tone la damu ya mtoto mchanga.

Mboga zinapofika maabara husagwa, zikachanganywa na kiyeyushi, kisha majimaji yake yakasafishwa. Kiasi kidogo mno cha majimaji hayo, aghalabu sehemu moja tu ya hamsini ya tone, hudungwa katika mashine. Humo hugeuzwa mvuke kwa joto na kusukumwa na gesi ya heliamu kupitia mrija mwembamba kama uzi, wenye urefu wa mita 30 hivi, uliokunjwa ndani ya tanuri. Mrija huo huitwa kolamu. Kila kemikali hutoka upande wa pili kwa wakati wake, kama wakimbiaji wanaomaliza mbio za masafa marefu mmoja baada ya mwingine.

Baada ya hapo kemikali huingia katika chumba kidogo chenye waya unaowaka. Waya huo hutoa elektroni zinazozigonga molekuli na kuzivunja vipande vyenye umeme, viitwavyo ioni. Fito nne za chuma zenye umeme huchuja ioni hizo kulingana na uzito wake, na kifaa kilicho mwishoni huzihesabu. Mhudumu wa maabara huona kwenye kioo cha kompyuta mstari ulionyooka wenye vilima. Kila kilima ni kemikali fulani, na ukubwa wa kilima huonyesha kiasi chake.

KWA NINI HEWA IONDOLEWE?

Yote haya hayawezekani pasipo ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa. Katika hewa tunayopumua, molekuli haiwezi kusafiri hata sehemu moja kwa elfu kumi ya milimita kabla ya kugongana na nyingine. Ni kama mtu anayetaka kuvuka Gikomba saa sita za mchana akiwa amebeba trei ya mayai. Ndani ya mashine, hewa ikishaondolewa ipasavyo, ioni yaweza kusafiri mita kadhaa bila kugongwa. Sasa ni kama kuvuka soko hilo hilo usiku wa manane.

Kazi ya kuondoa hewa hufanywa na pampu mbili. Ya kwanza hukaa sakafuni na kunguruma mchana kutwa, nayo mara nyingi hutumia oili. Ya pili ina mapanga madogo yanayozunguka zaidi ya mara 50,000 kwa dakika. Zikishirikiana, hupunguza hewa mpaka ikabaki sehemu moja kwa makumi ya mamilioni ya ile iliyo nje. Unaweza kuona, basi, kwamba tundu dogo kuliko ncha ya sindano latosha kuharibu kila kitu.

DALILI ZA UGONJWA

Ugonjwa wa mashine hii una dalili, kama vile homa ilivyo na dalili zake. Ya kwanza ni mstari wa chini kupanda. Mstari huo unapaswa kuwa karibu na sifuri pale ambapo hakuna kemikali inayotoka. Unapopanda na kutetemeka, wataalamu husema mashine ina kelele. Hii si kelele ya kusikia kwa masikio. Ni ioni zisizotakiwa zinazohesabiwa pamoja na zile zinazotafutwa.

Madhara yake ni haya. Ukiwa ndani ya matatu yenye muziki mkubwa, mtoto wako akakunong'oneza, hutamsikia. Si kwamba hakusema. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba kilima lazima kiwe angalau mara tatu ya kelele ndipo isemwe kemikali ipo, na angalau mara kumi ndipo kiasi chake kitajwe kwa uhakika.

Sasa tufanye hesabu. Kwa dawa nyingi ambazo hazikuwekewa kiwango maalum, Umoja wa Ulaya hutumia kikomo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya chakula. Hiyo ni sawa na sehemu moja ya kumi ya gramu, chini ya chumvi unayoweza kushika kwa vidole viwili, iliyotawanywa katika lori la tani 10 za mboga. Tuseme mashine yenye afya inaweza kuona hata miligramu 0.005. Kelele zikiongezeka mara nne, kiasi kidogo kabisa inachoweza kuona huwa miligramu 0.02. Mboga zenye miligramu 0.015, ambazo zimepita kikomo, zitaandikiwa "haikupatikana". Mhudumu hakusema uwongo, lakini mlaji amedanganyika.

Dalili nyingine ni vilima kupungua kimo ingawa sampuli ni ile ile, waya unaowaka kukatika mara kwa mara, geji ya ombwe kuonyesha shinikizo kubwa kuliko kawaida, na pampu kuchukua muda mrefu kabla ya kutulia.

NI HEWA AU NI UCHAFU?

Daktari mzuri hakimbilii kuandika dawa; hupima kwanza. Fundi wa mashine hii naye ana kipimo chake. Huiamuru mashine ijipime yenyewe bila kudungwa chochote, kisha hutazama ni uzito gani unaojitokeza.

Hewa ina sahihi yake isiyofichika. Nitrojeni huonekana katika uzito wa 28, oksijeni 32, agoni 40 na kabonidioksidi 44. Maji huonekana katika 18. Kwa kuwa hewa yetu ni takriban asilimia 78 nitrojeni na asilimia 21 oksijeni, kilima cha 28 kikiwa karibu mara nne ya kile cha 32, na vyote viwili vikiwa virefu, mshukiwa ni mmoja tu: kuna mahali panapovuja.

Lakini kilima cha 18 kikiwa kirefu kuliko kile cha 28, usiharakishe. Huenda mashine ilifunguliwa juzi na unyevu ukang'ang'ania kuta zake. Unyevu huo huondoka polepole pampu zinapoendelea kufanya kazi na mashine kupata joto. Baada ya saa kadhaa, au usiku mzima, kilima hicho hushuka. Kile cha ufa hakishuki hata ukingoja wiki.

KUUTAFUTA UFA

Hapa ndipo penye kazi ya subira. Kwanza fundi hugawanya tatizo mara mbili. Hufungua kolamu mahali inapoingia katika chumba cha ombwe, na badala yake hufunga nati isiyo na tundu. Akipima tena na hewa ikatoweka, ufa uko upande wa tanuri na kolamu. Hewa ikibaki pale pale, ufa uko katika chumba chenyewe. Kwa hatua hiyo moja amejiepusha na nusu ya kazi.

Kisha huchukua gesi ambayo kwa kawaida ni haba ndani ya mashine, kama vile agoni, na kuipuliza kidogo kidogo kwenye kiungo kimoja baada ya kingine huku akitazama kompyuta. Akipuliza mahali penye ufa, kilima cha 40 huruka ghafla. Agoni ni nzito kuliko hewa na hutelemka, kwa hiyo ni busara kuanza na viungo vya chini na kupanda juu, la sivyo utalaumu kiungo kisicho na hatia. Anayetumia heliamu, ambayo ni nyepesi, huanza juu.

Mara nyingi mkosaji ni kitu cha bei rahisi. Pale kolamu inapoingia katika ombwe pana pete ndogo iitwayo feruli, inayobanwa na nati. Ikiwa mpya, feruli hunywea kidogo baada ya kupata joto na kupoa mara chache, na nati iliyokuwa imekaza hulegea. Fundi asiyerudi kuikaza atahangaika wiki nzima. Lakini asikaze kwa nguvu za kufungulia gurudumu la lori, kwani feruli itapasuka.

Mkosaji wa pili ni pete ya mpira inayoziba mlango wa chumba. Unywele mmoja au uzi wa kitambaa ukilala juu yake, hewa hupata njia. Wa tatu ni kizibo cha mpira mahali pa kudungia sampuli, ambacho hutobolewa na sindano mara nyingi mpaka kikachoka. Wa nne ni bomba linaloleta heliamu kutoka kwenye mtungi. Hata kama gesi inatoka kwa nguvu, hewa yaweza kupenya taratibu katika kiungo kilicholegea.

Usifikiri kwamba ufa mdogo ni jambo la kuvumiliwa. Oksijeni huula waya unaowaka. Huharibu pia utando ulio ndani ya kolamu, hasa tanuri linapokuwa na joto kali, na utando huo unapoharibika huzaa kelele mpya. Ndipo ugonjwa wa kwanza unapoleta wa pili.

KAMA SI UFA NI UCHAFU

Tuseme hewa haimo, lakini kelele zipo. Basi fundi husoma uzito wa uchafu, kwa maana kila uchafu huja na kitambulisho chake.

Akiona 149, hukumbuka plastiki. Huo ni uzito wa kipande cha kemikali zinazotumiwa kulainisha plastiki, nazo hutoka katika glavu, vifuniko na mirija isiyofaa. Akiona 73, 207 na 281, hushuku silikoni, ama kutoka kwa kolamu iliyochakaa au vizibo vya mpira. Kelele hizi zikiongezeka kadiri tanuri linavyopata joto, kolamu ndiyo yenye kesi. Akiona msururu wa 43, 57, 71 na 85, wenye kuachana kwa 14 kila hatua, anajua ni mafuta: huenda oili ya pampu imerudi nyuma, au mtu amegusa sehemu za ndani kwa vidole vitupu. Ndiyo, alama ya kidole chako yaweza kuonekana katika mashine hii.

Kuna kelele nyingine zisizotokana na uchafu. Kifaa cha kuhesabu ioni huzeeka na kuhitaji umeme mwingi zaidi mwaka hadi mwaka. Kuongeza umeme kunakuza kilima, lakini kunakuza na kelele pia, kama kupandisha sauti ya redio isiyoshika stesheni vizuri.

Ili kujua uchafu umetoka wapi, fundi huenda hatua kwa hatua. Huendesha mashine bila kudunga kitu. Kisha hudunga kiyeyushi kitupu. Kisha hudunga sampuli tupu, yaani iliyopitia kila hatua ya matayarisho pasipo mboga. Hatua ambapo kelele inaanza ndiyo penye kosa.

TIBA HUCHUKUA SIKU

Msomaji, huenda umewahi kuambiwa na maabara, "Mashine imeharibika, rudi wiki ijayo," ukaondoka ukinung'unika. Pengine hukukosea kunung'unika, lakini elewa kwamba tiba hii haiharakishwi.

Mashine haiwezi kufunguliwa ikiwa moto. Lazima ipoe, pampu zisimamishwe kwa utaratibu, ndipo hewa iingizwe. Chumba kinachozaa ioni hutolewa, sehemu zake za chuma zikasuguliwa kwa unga laini wa oksidi ya alumini, zikaoshwa kwa viyeyushi safi, zikakaushwa na kurudishwa kwa glavu zisizoacha nyuzi. Baadaye pampu huwashwa tena, na mashine huachwa saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha, ili unyevu utoke. Halafu hupimwa upya kwa kemikali inayojulikana kabla ya sampuli yako kuguswa.

Maabara inayokuambia ukweli huo inakuheshimu. Ya kuogopwa ni ile inayoendelea kutoa majibu huku mstari wake wa chini ukipanda kila siku.

KINGA NI BORA

Hapa kwetu kuna adui mmoja ambaye vitabu vya ng'ambo havimtaji sana: umeme kupotea. Stima zikikatika ghafla pampu husimama, na mashine iliyochukua usiku mzima kutulia huharibikiwa kwa dakika chache. Jenereta peke yake haitoshi, kwa sababu huchukua muda kuwaka. Betri za kushikilia umeme katika muda huo ni sehemu ya mashine yenyewe, wala si anasa.

Oili ya pampu nayo ichunguzwe. Ikiwa mpya hung'aa kama mafuta ya kupikia. Ikigeuka rangi ya chai ya rangi, imechoka. Mahali penye unyevu mwingi kama Mombasa, maji huingia katika oili kwa urahisi, kwa hiyo isiachwe mpaka pampu ilalamike.

Zaidi ya yote ni daftari. Kila asubuhi, kabla ya sampuli ya kwanza, kiandikwe kilima cha 18, cha 28 na cha 32, pamoja na shinikizo la ombwe. Mgonjwa anayepimwa presha kila mara hashtukizwi na kiharusi. Mashine ni vivyo hivyo.

WEWE UULIZE NINI?

Huna haja ya kuwa mwanasayansi ili uulize maswali yenye maana. Ukipewa jibu la maabara kuhusu chakula, uliza haya:

• Kiasi kidogo kabisa mnachoweza kuona ni kipi? Nambari hiyo iandikwe kando ya neno "haikupatikana", nayo iwe chini ya kikomo cha sheria.

• Je, mlipima sampuli tupu siku hiyo hiyo, na ilionyesha nini?

• Mlipoweka kiasi kinachojulikana cha dawa hiyo katika mboga safi, mlikipata chote au nusu?

• Kama mmesema dawa ipo, mliitambua kwa uzito mmoja tu au kwa kadhaa? Dawa iitwayo dimethoeti, kwa mfano, hutambuliwa kwa 87, 93 na 125, na lazima itoke kwa wakati wake. Uzito mmoja peke yake waweza kuwa uchafu.

• Je, maabara imeidhinishwa kwa kipimo hiki? Kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji ni ISO/IEC 17025, na hapa Kenya kazi ya kuidhinisha hufanywa na KENAS. Kumbuka kwamba idhini hutolewa kwa vipimo maalum, si kwa jengo zima.

Swali la nne lina uzito kwa mkulima pia. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza ukaguzi wa ziada wa maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya, na mojawapo ya sababu ilikuwa mabaki ya dimethoeti. Shehena ikikataliwa, jasho la msimu mzima hupotea. Kwa hiyo kelele zinaweza kumdhuru mlaji kwa kuficha sumu, na zinaweza kumdhuru mkulima kwa kumsingizia.

Nyumbani, endelea kuosha mboga kwa maji yanayotiririka, lakini usidhani kuosha kunamaliza kila kitu. Dawa kama dimethoeti hupenya ndani ya jani. Kinga ya kweli huanza shambani, kwa mkulima kungoja siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna, na huishia maabara, kwa mashine isiyovuja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mashine hii ufa hauonekani kwa macho, na anayejengeshwa ukuta ni mtu ambaye hakuwahi kuiona: wewe uliye mezani, ukinyoosha mkono kwenye sahani ya sukuma wiki.